Kalamu Isiyo na Mwajiri

Kazi ya kalamu ni kazi kama kazi nyingine, ila ina mkosi mmoja: watu huisifu kabla hawajafikiri kuilipa. Fundi wa viatu haulizwi kama ana kazi nyingine. Mwandishi huulizwa kila siku. Swali hilo lina kejeli, lakini lina haki pia, maana katika Afrika ya Mashariki ni nadra mtu kuishi kwa vitabu peke yake. Aandikaye bila mwajiri hana budi kuwa na kazi nyingi ndani ya kazi moja. Yafaa kuchunguza kama wingi huo humpunguza au humkuza.

Shaaban Robert ni shahidi wa kwanza. Aliingia ukarani wa serikali mwaka 1926, na kwa miaka mingi mshahara ndio uliomlisha. Lakini kalamu yake haikukubali kukaa chumba kimoja. Alitunga mashairi na insha, akaandika Kusadikika, akafasiri Omar Khayyam, akasimulia maisha ya Siti binti Saad. Shahidi wa pili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeacha ukaguzi wa afya akawa mhariri wa magazeti, kisha akaipa lugha Mzimu wa Watu wa Kale. Huko London, Samuel Johnson alifiwa na mama yake mwaka 1759, akaandika Rasselas kwa haraka ili apate fedha za mazishi. Kitabu hicho kingali kikisomwa. Basi shida haiharibu maandishi. Kinachoyaharibu ni ulegevu.

Atazamwe sasa mwandishi wa leo akaaye Levolosi, kata ya jiji la Arusha, jirani na soko la Kilombero. Mwaka wake hufuata majira. Kuanzia Juni hadi Oktoba watalii ni wengi, na kampuni za safari hutaka maelezo ya mbuga na milima. Masika ya Aprili na Mei huja na ukimya. Hapo hugeukia michezo ya redio, uhariri wa tasnifu na tafsiri. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yamo jijini humo, na mwaka 2021 viongozi wake waliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Tafsiri ikapata heshima mpya.

Lakini shule yake kubwa ni majirani. Mmoja hutaka risala ya harusi. Mwingine hubisha hodi usiku, macho mekundu, akitaka wasifu wa marehemu utakaosomwa kesho kaburini. Maisha ya miaka sabini yaenee katika kurasa mbili. Watoto watajwe wote, na wa nje ya ndoa wasisahauliwe. Ugonjwa utajwe bila kumvunjia mtu stara. Malipo yaweza kuwa shukrani na chupa ya soda. Hata hivyo, hapo mwandishi hujifunza jambo gumu kuliko vina na mizani, nalo ni kusema kweli bila kujeruhi. Atakapotunga riwaya, usiku ule utamfaa.

Walio miteremkoni mwa Meru walijua siri hii zamani. Kahawa yao huota chini ya migomba, na maharage kando yake. Bei ya kahawa hupangwa ng'ambo. Mgomba hauulizi bei ya ng'ambo. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilifungwa Arusha mwishoni mwa 2015. Mwaka 2020 korona iliwazuia watalii. Mwandishi mwenye mteja mmoja ni shamba la zao moja: mteja akiondoka, njaa huingia.

Walakini akiba ya chakula si faida iliyo bora. Iliyo bora ni uwezo wa kukataa. Huja mwanafunzi mwenye fedha taslimu, hataki kuhaririwa. Ataka aandikiwe tasnifu nzima, kisha aweke jina lake. Kazi hiyo hulipa vizuri na haina shahidi. Huja pia mgombea anayetaka sifa za mema asiyoyatenda. Mwandishi mwenye mlango mmoja wa riziki atajadiliana na dhamiri yake mpaka ishindwe. Mwenye milango mitano aweza kuufunga mmoja na bado akalala ameshiba. Kukosa bwana si uhuru bado. Mtu aweza kukosa bwana akawa mtumwa wa kila apitaye na pochi.

Kwa hiyo, anayetaka kuishi kwa kalamu ajifunze aina nyingi za uandishi, ila aikate kalamu kwa kisu kimoja, yaani usanifu ule ule kwa tangazo na kwa tenzi. Aandike mapatano kabla ya kazi, adai sehemu ya malipo mapema, atunze daftari la mapato na matumizi. Saa moja ya alfajiri asimuuzie mtu yeyote. Hiyo ni ya kitabu chake mwenyewe, ambacho hakuna aliyekiagiza.