Kivinjari Mikononi mwa Mwalimu

Katika mihadhara yetu ya msamiati wa teknolojia, neno kivinjari hupita upesi kama abiria asiye na mzigo. Mhadhiri huliandika ubaoni sambamba na tarakilishi, kipanya na wavuti, nasi tukalinakili daftarini. Siku ya mtihani tunaulizwa lilivyoundwa, nasi hujibu bila kusita kuwa ni kitenzi vinjari kilichotiwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Alama hutolewa, na neno likarudi kulala daftarini. Ni nadra kwa yeyote miongoni mwetu kuuliza iwapo neno hilo limewahi kumsaidia mtu kukifungua chombo chenyewe akakitumia. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa yale niliyoyashuhudia.

Kabla ya kufika huko, yafaa tulitazame neno kwa makini. Kuvinjari, kwa mujibu wa matumizi yake ya asili, ni kuzunguka huku na huku, aghalabu kwa chombo cha majini, kwa nia ya kulinda au kupeleleza. Ni neno la bahari. Anayevinjari hapotei, maana anazunguka macho yakiwa wazi. Waliolichukua neno hili wakaipa programu ya tarakilishi walikuwa na jicho zuri. Programu ya kwanza ya aina hiyo iliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Mwaka 1993 ilizuka Mosaic kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambayo iliwarahisishia watu wa kawaida kuona picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Baadaye zikaja Netscape Navigator mwaka 1994, Internet Explorer mwaka 1995, Firefox mwaka 2004 na Chrome mwaka 2008. Vingine vimekwisha kuzama: Internet Explorer ilistaafishwa rasmi Juni 2022. Vyombo hubadilika, ila safari ni ile ile.

Naam, nirejelee niliyoyashuhudia. Agosti 2023, wakati wa masomo ya likizo, baadhi yetu wanachama tulijitolea kuwasaidia wanafunzi wapya katika maabara ya tarakilishi. Miongoni mwa waliokuja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye zaidi ya miaka 20 kazini, aliyekuwa akisomea shahada ya ualimu nyakati za likizo. Alikuwa mzaliwa wa pwani ya kusini, wa ukoo wa wavuvi, na Kiswahili chake kilitufanya sisi tuliojiita wanafunzi wa lugha tuone haya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanieleza shida yake kwa sauti ya chini, kama aombaye maji katika nyumba ya ugenini.

Usajili wa kozi ulikuwa ufungwe Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Asiyejisajili asingeruhusiwa kufanya mtihani. Tangu ajiunge na chuo, Mwalimu alikuwa akimlipa kijana mmoja wa saiba amfanyie kila kitu: kumfungulia akaunti, kumsajilia kozi, kumchapishia matokeo. Kijana ndiye aliyelibuni neno la siri na ndiye aliyelijua. Sasa saiba ilikuwa imefungwa, kijana amehama mji, na simu yake haipatikani. Mwalimu alibaki kama mtu aliyejenga nyumba akampa jirani ufunguo pekee. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nawafunza watoto wa watu kusoma, na jina langu mwenyewe nalisomewa na wengine."

Ingekuwa rahisi mno nichukue kiti chake, nimfanyie kazi kwa dakika 10, na aende zake. Lakini hapo ningekuwa nimechukua tu nafasi ya yule kijana. Nikamwomba aketi yeye mbele ya tarakilishi, nami nikae kando, mikono mapajani.

Tulianza na eneokazi, yaani ule uso wa kiwambo unaoonekana tarakilishi inapowaka. Nilimwonyesha picha ndogo ya kivinjari. Akakishika kipanya, kishale kikamkimbia hadi pembeni, akakirudisha polepole, akabofya mara mbili. Dirisha likafunguka. Nilipolitaja neno kivinjari, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kinavinjari? Kama chombo?" Nikamjibu kuwa ndivyo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi intaneti ni bahari, hiki ni chombo, na hapa juu ndipo ninapoitaja bandari niendako."

Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa ameueleza upau wa anwani kwa sentensi moja. Aliandika anwani ya chuo herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, hadi ile tamati ya ac.ke inayotumiwa na vyuo vya Kenya, akabonyeza kitufe cha Ingiza. Nilimweleza kinachotendeka nyuma ya pazia: kwamba kivinjari huuliza kwanza jina lile lina nambari gani, kisha hupeleka ombi kwa seva yenye nambari hiyo, hupokea matini yaliyoandikwa kwa lugha ya HTML, na kuyapanga yasomeke. Akauliza, "Na Google, ambayo kila mtu huitaja, nayo ni chombo?" Swali hili huwatatiza hata wasomi, maana wengi hudhani kuwa kivinjari, Google na intaneti ni kitu kimoja. Kabla sijapata maneno ya kumjibu, alijijibu: "La, huyo ni rubani. Humwuliza njia nisipoijua bandari." Waama, hivyo ndivyo injini ya kutafutia ilivyo.

Haitakuwa haki kudai kwamba kila istilahi ilimfaa. Chrome inaweza kuwekwa katika Kiswahili kupitia mipangilio ya lugha, nasi tulifanya hivyo. Ukurasa mwingine unaofunguliwa ndani ya dirisha lile lile huitwa humo kichupo. Mwalimu aliutazama kwa muda, akaniuliza, "Chupa iko wapi?" Nilikosa jibu, na hadi leo sina. Yeye aliamua kuuita mlango, akafungua milango mitatu na kupita mmoja baada ya mwingine bila taabu. Kinyume chake, tulipofika kwenye vidakuzi, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha katika kivinjari ili ikutambue utakaporudi, hakuhitaji maelezo marefu. "Aa, hawa ni wadaku," alisema akicheka. Neno lililo jamaa ya udaku lilikuwa limemweleza tabia ya kitu kabla yangu.

Somo lenyewe ni hili: istilahi yenye mizizi katika maisha ya watu humshika mkono mtumiaji, isiyo na mizizi humwacha njia panda, hata kama imeidhinishwa na kuchapishwa.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa neno la siri halikujulikana. Mfumo wa chuo ulitaka kupeleka kiungo cha kulibadilisha kwa baruapepe, ilhali baruapepe nayo ilifunguliwa na yule kijana kwa neno lile lile la siri. Hapo Mwalimu alishika tama. Nilimwuliza ni nambari gani ya simu iliyoandikwa baruapepe ilipofunguliwa. Akakumbuka kuwa kijana alimwomba nambari yake mwenyewe, kwani msimbo ulitumwa humo. Tukajaribu. Baada ya muda mfupi simu yake ikalia mfukoni, na nambari za msimbo zikaonekana. Alizicharaza moja moja, akiitamka kila moja kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Baruapepe ikafunguka, kiungo kikaja, na Mwalimu akaandika neno la siri jipya huku nikitazama dirishani. Jioni ile ile alikuwa amesajili kozi zake zote.

Kabla hajaondoka tulizungumzia hatari. Kivinjari kilipouliza iwapo kihifadhi nenosiri, nilimwonyesha mahali pa kukataa, kwa kuwa tarakilishi ya maabara ni ya umma. Nilimwonyesha dirisha la faragha, ambalo halihifadhi historia ya kurasa likishafungwa, ingawa halimfichi mtu mbele ya mwenye mtandao anaoutumia. Nilimsisitizia atoke katika akaunti kila amalizapo. Aliniuliza pia kuhusu alama ya kufuli kandokando ya anwani. Nikamwambia kuwa ilimaanisha tu kwamba mazungumzo kati yake na tovuti yamesimbwa, wala haikuthibitisha kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu, kwani hata tapeli huweza kufunga mlango wake kwa kufuli. Septemba ya mwaka huo huo Chrome iliiondoa alama hiyo na kuweka nyingine, kwa kuwa watu wengi waliifasiri vibaya. Niliposoma habari hizo, nilimkumbuka Mwalimu na swali lake.

Fauka ya hayo, tukio hili lilinifanya niyatafakari upya masomo yetu. Ni kweli kwamba Kiswahili kimepiga hatua katika ulimwengu wa teknolojia. Mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu mwaka 2003. Sisi huyataja haya katika tasnifu kama ushahidi kuwa lugha yetu inajitosheleza. Hata hivyo, lugha hujitosheleza pale mtu mwenye shida siku ya Jumanne anapoweza kuitumia akajinasua kabla ya Ijumaa. Mwalimu yule alikosa mtu wa kuketi kando yake na kuzungumza naye kwa lugha aliyoimiliki tangu utotoni. Kwa kukosa hilo tu, alilazimika kuyakabidhi mambo yake yote kwa mtu asiyemjua vyema, na kidogo yamponyoke.

Wahadhiri wetu watukufu, mnapotupa zoezi la kuunda istilahi, tunaomba mtutume pia tukazijaribu kwa watu: sokoni, shuleni, maabarani. Tuone ni neno gani linaloleta tabasamu na ni lipi linaloleta swali la chupa. Nasi wanafunzi tusiridhike kulijua neno kivinjari kwa ajili ya alama. Wapo maelfu ya walimu, wakulima na wazazi ambao huduma zao za serikali, mikopo ya watoto wao na matokeo yao ya mitihani yamo ndani ya dirisha lile, na bado wanalipia macho ya wengine yawasomee.

Alipokuja tena Desemba, Mwalimu hakuja maabarani kuomba msaada. Nilimkuta ameketi kwenye kona, kando yake wanafunzi wenzake wawili wenye umri kama wake. Mikono yake ilikuwa mapajani, na mmoja wao alikuwa akihangaika na kishale kilichomkimbia.