Kilwa Ipi Ichorwe?

Afikaye Kilwa Kisiwani leo hulakiwa na Msikiti Mkuu ambao sehemu ya mapaa yake imekwisha kuporomoka. Watafiti wa mradi wa Zamani, Chuo Kikuu cha Cape Town, waliupima kwa miali ya leza, hata ukaweza kutazamwa katika tarakilishi. Kupima kilichopo, hata hivyo, si sawa na kurejesha kilichotoweka.

Waama, msikiti huo haukuwa na sura moja. Upande wa kaskazini ndio mkongwe. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua kuelekea kusini. Paa likaanguka, na nguzo za pembe nane zinazoonekana sasa ni za ukarabati wa karne ya 15. Achoraye nguzo hizo chini ya paa la al-Hasan huumba msikiti usiopata kuwapo. Aidha, Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alisimulia mji wa majengo ya mbao, ilhali msikiti wenyewe ni wa matumbawe na chokaa. Mchoraji amwamini nani?

Tarakilishi haijui kusita: huipaka dhana rangi ile ile iupakayo ushahidi, na mwanafunzi aionaye picha darasani huishika kuwa ndiyo kweli. Mhariri mwaminifu wa muswada wa kale hutia mabano palipofutika. Mchoraji wa Kilwa naye ana wajibu uo huo: jiwe lililopimwa liwe na rangi yake, na lililokisiwa liwe na yake.