Taa ya dagaa na macho ya baba

Fundi mmoja wa redio na taa huko Ujiji anakaribia miaka 55, na mwaka huu mistari midogo ya rula imeanza kumpotea. Mkewe alimshauri akapimwe macho. Akajibu kuwa miwani ni ya makarani. Wanaume wengi wa rika lake wana jibu la namna hiyo, na wake zao wamelizoea.

Mwezi ulikuwa umeanza kupungua alipoletewa taa ya mvuvi wa Kibirizi. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo zilibaki siku tatu tu. Kava lilikuwa zima, ila kuna aliyelifunga bila kulikaza, maji yakaingia, na njia za shaba kwenye bodi zikawa kijani. Bodi kama ile haikupatikana. Ilibidi atengeneze nyingine kwa mkono, ikae ndani ya kava lilelile.

Akamwita binti yake wa kidato cha pili. “Njoo unishikie tochi,” alisema, ingawa tochi haikuwa shida.

Binti akashika rula, akapima urefu na upana, akadhani amemaliza. Baba akauliza matundu ya skrubu yako wapi. Kukisia katikati ya tundu ni kubahatisha, kwa hiyo akamwonyesha apime kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine: milimita 61. Bodi mpya ilikuwa ya matundu madogo madogo, na rula ya shule haisomi nafasi kati ya tundu na tundu. Basi hesabu matundu 11, pima yote, gawa kwa 10. Binti akapata mbili na nusu na ushei. Ni 2.54, baba akamwambia, sehemu ya kumi ya inchi. Binti akagawa tena mwenyewe: nafasi 24 zinatosha. Kikabaki kimo, maana kapasita ikizidi kidogo tu kifuniko hakifungi.

Akachora. Baba akaona kosa, maana hilo halikuhitaji macho makali: binti alipima bodi ikiwa kifudifudi, hivyo kushoto kukawa kulia. Akanyamaza. Mzazi aliyewahi kukaa kando ya mtoto anayekosea hesabu anajua ukimya ule ni kazi nzito kuliko kusema.

“Kata kwanza boksi la sabuni,” alisema tu.

Kipande cha boksi kikaingia, matundu ya skrubu yakalingana, lakini swichi ikaangukia upande usio na tundu. Binti akakitazama kwa muda, akakigeuza, akaguna. “Baba, ulijua!” Baba akasema boksi halina gharama, bodi ipo moja.

Kesho yake walikata bodi yenyewe. Baba alianza kutia risasi, akaunganisha mahali pasipotakiwa mara mbili, kisha bila neno akampa binti pasi ya kulehemu. Mvuvi alipofika alimkuta msichana amejiinamia mezani na mzee ameshika tochi.

“Fundi ni nani hapa?”

“Leo mimi ni wa tochi.”

Taa iliwaka, kifuniko kikafunga, skrubu zote nne zikakazwa, na mvuvi akaondoka nayo kabla ya magharibi. Binti sasa ameomba anunuliwe kalipa. Mama anasema miwani kwanza.