Robo ya Nne: Tulivyotafuta Ngao ya Familia Yetu Johannesburg

Mwanzoni mwa Septemba binti yangu, aliye darasa la nne, alirudi kutoka shule na karatasi yenye ngao iliyogawanywa vyumba vinne vitupu. Juu yake iliandikwa: "Chora ngao ya familia yako." Hapa Afrika Kusini tarehe 24 Septemba ni Siku ya Urithi, na watoto hupewa kazi za namna hii. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Nikamwambia tutaichora Jumamosi, nikidhani ni kazi ya saa moja. Ilituchukua karibu wiki tatu, na nusura inigombanishe na mama yangu.

Mume wangu alitaka njia ya mkato. Kuna kibanda kwenye maduka ya karibu na kwetu kinachouza nembo za ukoo: unataja jina, kompyuta inatoa picha. Jina letu halikuwamo, basi kijana akatuchagulia linalofanana nalo, la watu wa Uskoti. Tukarudi nyumbani na simba mwekundu ndani ya fremu. Binti akamtazama, akauliza, "Baba, huyu simba ni wa kina bibi wa Pangani?" Mume wangu akacheka, kisha akanyamaza.

Ndipo nikaanza kusoma. Katika desturi ya Kiingereza hakuna ngao ya jina. Ngao ni ya mtu mmoja, kisha ya watoto na wajukuu wake. Kufanana jina na mtu hakukupi haki ya ngao yake. Na zile robo nne si urembo. Robo ya kwanza, ile ya juu kushoto kwa anayetazama, ni ya ukoo wa baba. Nyingine huingia kwa mlango wa mwanamke: binti asiye na kaka akiolewa, ngao ya baba yake huhamia kwa watoto wake na kupewa robo. Kwa hiyo ukiona ngao ya robo nyingi, mara nyingi unahesabu mama na bibi za watu, hata kama majina yao hayakuandikwa popote.

Hapo nilisimama kidogo. Mama yangu hana kaka. Wako mabinti watatu tu.

Jumamosi tulipanda kilima cha Braamfontein hadi Constitution Hill, ili mtoto aone ngao halisi zilivyo. Kama bado hamjafika na watoto, nendeni. Nusu siku inatosha. Pale kuna Ngome Kongwe, ambayo serikali ya Kruger iliijenga miaka ya 1890 kuizunguka jela. Mandela aliwekwa humo mwaka 1962. Juu ya lango kuna ngao ya jamhuri ya Transvaal, iliyochongwa na Anton van Wouw: simba upande mmoja, mtu mwenye bunduki upande wa pili, chini yao gari la kukokotwa na ng'ombe, na nanga katikati. Binti alihesabu vyumba vitatu, akalalamika kwamba si vinne kama vyake.

Nikamweleza kwamba vinne vilikuja baadaye. Mwaka 1910 makoloni manne yalipounganishwa kuwa nchi moja, ngao yake iligawanywa robo nne: mwanamke mwenye nanga kwa ajili ya Cape, nyumbu wawili wa Natal, mchungwa wa Orange Free State, na lile gari la Transvaal. Ngao hiyo ilidumu hadi tarehe 27 Aprili 2000, ilipozinduliwa ya sasa, ambayo ina watu wawili wakisalimiana na maneno ya lugha ya |Xam, lugha isiyo na msemaji tena. Hatua chache kutoka kwenye lango lile ipo Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa mwaka 2004, na nembo yake ni watu chini ya mti. "Hii naielewa," mtoto akasema. "Ni kikao." Alikuwa ameona vikao vya namna hiyo Kyela.

Kutoka pale tulishuka hadi Mtaa wa Main, Marshalltown, kwenye ofisi za makampuni ya madini. Kando ya njia kimesimamishwa kinu cha zamani kutoka Langlaagte, shamba ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1886. Ni safu ya nguzo nzito za chuma ambazo zilinyanyuliwa na kuachiwa zianguke juu ya mawe, moja baada ya nyingine, hadi yawe unga. Ndizo zilizowekwa kwenye ngao ya kale ya jiji la Johannesburg, ya mwaka 1907: nguzo tatu za dhahabu juu ya rangi ya kijani. Binti yangu alizitazama akasema, "Mama, ni michi."

Ni michi kweli.

Hapo nikamkumbuka babu. Babu mzaa mama alitoka Kyela kuja migodi ya huku kwa Wenela, lile shirika lililokusanya vijana wa Nyasaland, Msumbiji na kwetu kusini mwa Tanganyika. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali yetu ilikataza watu kuchukuliwa tena, kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Wengine walirudi. Yeye hakurudi. Na sasa mjukuu wake anatibu watu katika jiji lilelile, na kitukuu chake amezaliwa humu. Nikaona robo ya nne imepatikana: nguzo ya mgodi, kwa heshima ya babu.

Jioni nikampigia mama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Usimweke huyo," akasema.

"Mama, ni baba yako."

"Mwanangu, alikuja mara moja na blanketi na gramafoni, akaondoka tena. Mama yangu alitwanga mpunga wa watu ili sisi tusome. Usiku tunalala, tunasikia mchi. Hiyo ngao yako ina nafasi ya huyo mama, au ni ya wanaume waliopotea?"

Sikuwa na jibu. Kisha akaongeza, taratibu, "Na wewe usije ukaizoea Joni kama yeye." Mara ya mwisho kwenda nyumbani ilikuwa miaka mitatu nyuma.

Kazi yangu imenifundisha jambo moja, tangu stashahada ya Mbeya hadi shahada niliyosomea ng'ambo. Unapochukua historia ya mgonjwa, usichokijua huandiki cha kubuni. Unauliza tena, na unamsikiliza aliyekuwepo. Kuhusu babu, mimi nilikuwa na hadithi. Mama alikuwepo. Simba wa kibandani alikuwa uongo ulionunuliwa; nilikuwa karibu kuweka mwingine wa bure, kumpa babu sifa ya kuilisha familia kwa sababu tu alishika chuma.

Lakini kumfuta nako niliona si haki. Miaka ile Mwafrika mgeni katika mgodi aliishi kambini bila mke wala watoto, na hivyo ndivyo mpango wenyewe ulivyotaka. Pale Newtown kuna Jumba la Makumbusho la Wafanyakazi, ambalo zamani lilikuwa makazi ya vibarua wa jiji, na vitanda vya zege walivyolalia bado vipo. Nilivitazama kwa macho ya muuguzi na nikawaza juu ya mapafu na migongo. Kilichompata babu hakijulikani. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mtoto: haijulikani.

Binti ndiye aliyetatua. "Mchi ni mchi," akasema. "Bibi alikuwa nao, babu alikuwa nao. Tuchore wa bibi, kwa sababu yeye tunamjua." Tukachora mchi wa mti, wa kutwangia mpunga. Ajuaye habari za babu atauona naye.

Kanuni ya rangi tuliifuata: dhahabu na fedha ni madini, nyekundu, buluu, kijani na nyeusi ni rangi, madini huwekwa juu ya rangi, na rangi juu ya madini, ili ngao isomeke kwa mbali. Na ngao huandikwa kwa maneno kwanza, ili mchoraji yeyote aweze kuirudia hata karatasi ikipotea. Yetu inasema hivi. Robo ya kwanza, buluu, ngalawa ya fedha, kwa wavuvi wa Pangani, upande wa baba wa mume wangu. Ya pili, nyekundu, nyundo ya fedha, kwa mama yake, wa Ugweno huko Upare, nchi ya wafua chuma. Ya tatu, dhahabu, mgomba wa kijani, kwa baba yangu wa Tukuyu. Ya nne, kijani, mchi wa dhahabu, kwa bibi wa Kyela.

Ukipenda kuifanya ya kudumu, Afrika Kusini ina ofisi ya serikali inayosajili ngao za watu na familia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1962, na makao yake ni Pretoria. Sisi bado hatujafika huko. Ushauri wangu ni mdogo zaidi: kabla ya kununua simba, piga simu nyumbani. Wazee wapo leo. Uliza nani alitwanga, nani alivua, nani hakurudi, na ukubali majibu.

Tarehe 23 usiku nilimtumia mama picha ya ngao. Alikaa kimya kwa saa nzima, kisha ukaja ujumbe wa sauti.

"Huo mchi mmeuchora mwembamba. Wa mama ulikuwa mnene, na umeliwa upande mmoja alipokuwa akishika. Upo jikoni. Mje Desemba, mtoto aupime mwenyewe."

Tiketi za basi nimekata. Mchi tutaurekebisha tukirudi.