Majina Yaliyobaki Njiani

Mama ambaye mwanawe amekwenda vitani humwomba Mungu amrudishe salama. Asiporudi, mama hutamani angalau jina lake lisipotee. Hayo ndiyo tuliyozungumza sana, sisi akina mama, tulipotembelea Tabora na njia ya zamani ya misafara.

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alimoishi Livingstone, ambalo limekuwa makumbusho. Karibu nasi ilisimama miembe mikubwa, ile inayokumbusha njia ya kwenda Bagamoyo. Hapo walipita vijana wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani. Walisifika kote kwa upagazi.

Sifa hiyo iliwaponza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilidondosha mabomu Kigoma, na Septemba 19 jeshi lao likaingia Tabora. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliharibu reli na madaraja. Basi chakula, risasi na dawa vikabebwa tena na watu, na pande zote zikakamata vijana vijijini.

Sisi tuliosomea uuguzi tunayajua magonjwa yaliyowamaliza: kuhara damu, malaria na nimonia. Walikunywa maji machafu, wakala unga usioiva, wakalala kwenye mvua bila blanketi. Inakadiriwa kuwa upande wa Waingereza pekee wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi chao.

Kule Runnymede, Uingereza, upo ukumbusho uliofunguliwa mwaka 1953. Umeandikwa majina zaidi ya 20,000 ya wanajeshi wa anga wa Vita Kuu ya Pili wasio na kaburi linalojulikana, wakiwamo vijana wengi wa ndege za mabomu. Mama aliyekosa kaburi la mwanawe aliweza kwenda kuligusa jina lake. Mama wa Unyamwezi hakupata hata hilo. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, huwakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, bila majina yao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutowakumbuka Waafrika wengi kama ilivyowakumbuka wengine.

Akina mama wenzetu, radhi ni jambo jema, lakini majina mengi hayamo katika kitabu chochote. Yako kwa wazee wetu. Mara nyingi mtoto hupewa jina la babu. Muulize bibi au mama mkwe: huyu tuliyemrithi jina alikuwa nani? Alichukuliwa wapi? Je, alirudi? Kisha andika majibu katika daftari la nyumbani, pamoja na tarehe za kuzaliwa za wanao, ukiwasomea wakiwa wamekusanyika. Fanya hivyo mapema, maana wazee nao wanatuaga.