Mugithi ya Siku Hizi Imezidi Kusifiwa

Najua nitatukanwa kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina, lakini wacha niseme. Mugithi ya klabu ni msee mmoja, gita moja, na kinanda kinachojipigia ngoma, halafu usiku mzima anaimba nyimbo za watu wengine. Queen Jane alituacha 2010, Joseph Kamaru 2018, John De'Mathew 2019. Bado ndio wanajaza klabu, ila anayelipwa si wao.

Na msiniambie eti ni kuhifadhi utamaduni. J.M. Kariuki alipouawa 1975, Kamaru aliyaimba mauaji hayo, na serikali ikamkasirikia. Leo nyimbo za wazee kama yeye zinatiwa matusi ndio walevi wacheke.

Kuhifadhi ni ile kazi ya mjukuu wake, KMRU, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru. Muziki wake mwenyewe hauchezeki kabisa (nimejaribu), lakini ndiye ameweka nyimbo za guka yake Bandcamp, mtu anunue.

Wikendi hii mtanipata kwa ile treni ya kushikana viuno, sijakataa. Lakini elfu moja ya wiki ijayo siipeleki klabu. Inaenda Bandcamp.