Binadamu ni Mwana wa Nani?

Lugha yetu ilikwisha kuchagua upande kabla ya mabishano kuanza. Neno binadamu tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni mwana wa Adamu. Neno kiumbe limetokana na kitenzi kuumba, kwa kiishio kile kile cha mtume aliyetumwa na mteule aliyeteuliwa: kiumbe ni kilichoumbwa. Basi mwalimu wa baiolojia anayesimama darasani na kusema kwamba viumbe hai vilibadilika polepole kwa mamilioni ya miaka, na kwamba binadamu naye ni mmoja wao, amekiri imani ya wazee wake mara mbili katika sentensi moja, na huenda hana habari. Mimi jambo hilo hunifurahisha. Wapo linaowakera.

Nalileta barazani, waungwana, kwa sababu nyumbani kwetu suala hili si la vitabuni. Limewatenga watu wawili niwapendao, baba na mwana, kwa muda wa karibu miaka miwili.

Kwanza tutazame ni wapi hasa joto linapopanda. Asili ya uhai wenyewe haimgombanishi mtu. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, aliigusa kidogo sana. Mwaka 1871, katika barua kwa rafiki yake, ndipo alipobahatisha kwamba labda uhai ulianza katika kijidimbwi chenye maji ya uvuguvugu. Mwaka 1953, huko Chicago, Stanley Miller alipitisha cheche za umeme katika chupa yenye mvuke wa maji na gesi, akapata asidi za amino, ambazo ndizo zinazojenga protini. Tangu hapo hadi leo hakuna aliyefanikiwa kutengeneza chenye uhai kutokana na visivyo na uhai. Wapelekee wazee habari hizo wakiwa wanakunywa kahawa: watasikiliza, mmoja atasema Subhanallah, mwingine atauliza bei ya karafuu. Lakini sema "babu yako", na vikombe vitawekwa chini.

Hapa tafsiri nayo ina lawama yake. Kiswahili kina majina mengi ya jamii hii: tumbili, kima, ngedere, mbega, nyani, sokwe. Hakina neno moja lililozoeleka la kuwajumlisha sokwe na wenzake wasio na mkia. Watu wakachukua lililo karibu, wakasema mtu katokana na nyani. Na nyani kwetu ni nani? Ni mwizi wa mahindi, asiyeona kundule. Ni tusi. Wanasayansi hawasemi hivyo. Wasemalo ni kwamba sisi na sokwe tuna wahenga wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, wasiokuwa sokwe wala sisi. Sokwe ni binamu, si babu. Tofauti hiyo, kwa mtu wa pwani anayejua daraja za ukoo, si ndogo hata kidogo, lakini neno nyani limekwisha kuiziba.

Siku yenyewe ilikuwa ya Idi. Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha kwanza, alimweleza babu yake kwamba shuleni wamefika kwenye somo la zamadamu. Baba ni mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee wa mizaha. Akasema, "Huyo mwalimu wako, kama babu yake ni nyani, shauri lake. Babu yangu mimi kazikwa Pangani, na kaburi lake nalijua."

Tukacheka sote isipokuwa kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa baiolojia. "Baba, hakuna mtaalamu aliyesema nyani," akajibu kwa upole.

"Kumbe na wewe ndiyo unayowafundisha watoto wa watu?"

"Ndiyo, Baba. Ndiyo kazi yangu."

Baba akainuka, akaingia ndani. Tangu siku ile ikawa ni shikamoo na marahaba tu, hakuna zaidi.

Msomaji atadhani ni dini. Kwa sehemu, ni kweli. Lakini kaka yangu hakuacha swala hata wakati huo, na Baba hakuwahi kumwita kafiri. Mimi nimeona kitu kingine, nacho kimo katika daftari.

Baba ana daftari la nasaba yetu, lenye mwandiko wake mzuri. Majina manne yanapanda, fulani bin fulani. La tano ni la mwanamke, nalo limesimama peke yake, halina "binti" wa yeyote. Huyo aliletwa Pangani kutoka bara akiwa mtoto, siku zile watu walipokuwa wakiuzwa pale. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, kabla Baba hajazaliwa, ila methali hazifutwi kwa sheria. Mwacha asili ni mtumwa, wasema waungwana, na muungwana hapo zamani maana yake haikuwa mtu mwenye adabu tu, bali mtu huru, asiye mtumwa. Baba alikua akitupiwa methali hiyo na watoto wa jirani ambao madaftari yao yalijaa. Juu ya jina la yule mwanamke ameacha mistari mitupu, mingi, kisha juu kabisa ya ukurasa ameandika: Adamu.

Sasa mwambie mtu huyo kwamba pale juu hapana Adamu.

Na si Baba peke yake. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakiwa katika ukarabati, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjilisti walipinga masalia ya zamadamu kupewa nafasi ya mbele yatakapofunguliwa tena. Aliyewakera zaidi ni yule kijana wa Turkana, mifupa ya karibu mwili mzima yenye umri wa miaka kama milioni moja na nusu. Mmoja wao alitamka wazi kwamba yeye hakutokana na kijana yule. Nilipoisoma kauli hiyo sikusikia hoja ya sayansi wala ya teolojia. Nilimsikia mtu akikana jamaa asiyemjua. Wagikuyu nao, katika simulizi ya Gikuyu na Mumbi, hawaishii kwenye uumbaji: zipo koo zilizozaliwa na mabinti zao, ipo nchi waliyoonyeshwa chini ya Mlima Kenya. Ukiigusa simulizi kama hiyo umegusa na shamba.

Kaka naye ana ukoo wa pili. Ni wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu, na ukutani kwake ipo picha ya Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekiona kipande kidogo cha fuvu la yule kijana, mwaka 1984, kando ya mto Nariokotome. Hupenda pia kusimulia habari za fuvu alilolipata Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, likapewa jina la Zinj, jina la kale la pwani yetu kwa Waarabu; baadaye wataalamu wakaliondoa katika mstari wetu na kuliweka kwenye tawi la pembeni. "Daftari letu," husema, "jina likionekana si la ukoo, hufutwa." Husema kwa fahari ile ile ya Baba, na ukimpinga hukunja uso ule ule.

Ramadhani iliyopita kaka alikuja kufuturu. Baada ya uji, Baba akamuuliza bila kumtazama, "Huyo mtoto wenu wa Turkana alikufa ana umri gani?"

"Alikuwa bado hajabalehe, Baba. Wengine hukadiria miaka minane au tisa."

"Na nani alimzika?"

"Hakuzikwa. Alilala kwenye kinamasi hadi matope yakamfunika."

Baba akatikisa kichwa.

"Maskini," akasema, "mtoto wa watu."